Vitambaa Ishirini na Kimoja

Baba yangu hakuwahi kumiliki bunduki, ila kwa misimu kumi na saba alilala hema moja nazo. Alikuwa mbeba bunduki katika kambi ya uwindaji wa kitalii ndani ya Selous, kusini mwa mto Rufiji. Kila Julai, msimu ulipofunguliwa, lori la kambi lilimpitia nyumbani. Alirudi Desemba akiwa amekonda, ananuka moshi wa kuni na kitu kingine kikali ambacho utotoni nilidhani ndiyo harufu ya pori. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni amonia.

"Kubeba si kazi," alikuwa akisema. "Hata punda anabeba." Kazi yake ilianza jioni, wageni wakishakoga na kuketi kuuzunguka moto na bilauri zao. Hapo ndipo alipotandika turubai mbele ya hema, akawasha taa na kuanza kusafisha.

Najua baadhi yenu mmeshakunja uso mliposoma neno uwindaji. Sina ugomvi na uso huo. Mimi mwenyewe sijawahi kuielewa raha ya mtu anayepanda ndege kutwa na kucha ili aje kumuua mnyama ambaye hatamla hata robo. Lakini sare zangu, ada zangu na nauli ya kunifikisha chuo vilitoka katika mitutu ile, na leo nataka kusimulia kilichokuwa ndani yake.

Ukichungulia ndani ya mtutu wa bunduki ya kuwindia mbogo utaona mifuo iliyojipinda kama ya skrubu. Mifuo hiyo ndiyo inayoizungusha risasi iende bila kupepesuka. Bunduki nyingi alizozishika Baba zilikuwa za .375 Holland & Holland, aina iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na ambayo wawindaji hawajaichoka hadi leo. Kinachoruka kina uzito wa gramu 19 na ushei, kinatoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, na kwa kuwa mfuo unakamilisha mzunguko mmoja katika kila inchi 12, kinazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa sekunde. Moyo wake ni risasi, ile metali laini ya kijivu. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa metali yenyewe na kwa kitu kinachoua, na ukikaa na wawindaji utaona hakuna anayechanganyikiwa.) Metali tupu kwa mwendo huo ingechubuka na kubaki njiani, kwa hiyo huvikwa koti la shaba iliyotiwa zinki kidogo, kama sehemu 5 katika 100.

Koti hilo ni pana kwa unywele kuliko njia linayopita. Lazima libanwe, likatwe na mifuo, lisuguane na chuma kwenye joto la baruti. Kila mlio unaacha utando mwembamba wa shaba. Juu ya shaba yanakaa masizi, juu ya masizi inakuja shaba nyingine, na baada ya risasi kadhaa mtutu una matabaka kama chapati. Mtutu uliosuguliwa vizuri kiwandani hushika kidogo tu. Ule wenye mikwaruzo ya mashine hushika kama tupa. Shaba ikizidi, njia inabadilika umbo bila mtu kuiona, na risasi tatu ambazo jana zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya soda leo zinahitaji sahani.

Baba alitoa komeo kwanza, kisha akaingiza ufito kwa nyuma. Wazee waliuita ufito huo mdeki, jina la enzi za kushindilia baruti kwenye gobore. Hakuwahi kuuingiza kwa mbele, na aliyemwona akifanya hivyo alikoma kumheshimu. Ukingo wa mdomo wa mtutu ni kitu cha mwisho ambacho risasi inagusa kabla ya kuwa huru. Ukilika upande mmoja, gesi inatangulia kutokea upande huo na kuisukuma risasi kombo. Kila alipoutoa ufito aliufuta, maana mchanga wa Selous hauachi kitu, na ufito wenye mchanga ni msasa.

Vitambaa vya kwanza vilikuwa vya masizi, vikatoka vyeusi. Baada ya hapo ikaja dawa ya shaba, ile ya chupa ndogo ambayo ukiifungua machozi yanakutoka. Alilowesha mtutu, akautega saa yake ya mkononi, akasubiri dakika kumi. Hazikuzidi kumi na tano, kwa sababu dawa hiyo ikiachwa ikaukie ndani inaweza kuanza kuudhuru mtutu wenyewe. Kitambaa kikavu kilichofuata kilitoka bluu. Akapitisha brashi, ya nailoni. Brashi ya shaba hakuitumia katika hatua hiyo hata wenzake walipomcheka, kwa sababu dawa haichagui: inaila shaba ya brashi sawasawa na ya mtutu. "Utafukuza shaba ya brashi yako usiku kucha," alisema, "ukidhani ni ya mgeni." Kisha masizi tena, kwa kuwa tabaka la shaba likiondoka lililo chini yake ni jeusi. Kisha dawa tena. Aliacha tu pale kitambaa kilichofuata dakika kumi za dawa kilipotoka cheupe kama kilivyoingia. Hapo alikausha, akapaka mafuta kidogo, akarudisha komeo.

Ili kuona weupe lazima kitambaa kiwe cheupe. Hili lilimgharimu Mama mashuka yake. Kila Juni Baba alizunguka nyumbani akikagua fulana kuukuu na mito, na Mama akimfuata nyuma kama askari wa forodha. Mashuka yetu yalikuwa ya maua kwa sababu hiyo tu.

Kulikuwa na hatua moja zaidi, nayo ilikuwa ya kale kuliko yeye. Mzee aliyemfundisha kazi, aliyeianza enzi za mkoloni, alikuwa akimimina birika zima la maji yanayochemka ndani ya mtutu kabla ya kitu chochote. Baba aliirithi desturi hiyo bila kuuliza. Kisa chake ni fataki za zamani. Zilikuwa na klorati ya potasiamu, na zikilipuka ziliacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa ile tunayotia kwenye mboga. Chumvi huvuta unyevu, na mtutu wenye chumvi unaweza kuamka na kutu baada ya usiku mmoja wa masika. Mafuta hayaiyeyushi, maji yanaiyeyusha. Askari wa Kiingereza walifundishwa birika hilo. Risasi zao za .303 zilivaa koti la shaba iliyochanganywa na nikeli, na koti hilo liliacha mabonge ndani ya mtutu, sugu kuliko shaba ya leo. Mtu ambaye pori lile limepewa jina lake, Frederick Selous, aliuawa huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akipigana upande wao. Vitabu vinaeleza bunduki zake kwa kirefu. Huwa najiuliza nani alikuwa akimsafishia.

Fataki za leo hazina chumvi hiyo, na maji hayaifanyi shaba lolote. Nilimwambia Baba hivyo nikiwa kidato cha tano, kwa fahari yote ya kidato cha tano.

"Najua, mama," alinijibu. "Lakini mtutu ukiwa na joto, dawa haichelewi."

Alikuwa sahihi. Mmenyuko huenda haraka zaidi joto likipanda, na hilo nililijua kwa maneno ya daftari tu.

Kila aliyesoma kemia hapa kwetu anaikumbuka bluu ninayoizungumzia. Kwenye mtihani wa vitendo unapewa unga usiojulikana, unauyeyusha, unatia matone ya amonia. Kama ni shaba, yanatokea mashapo ya bluu mpauko. Unaongeza amonia. Mashapo yanatoweka na neli nzima inageuka bluu iliyokolea, bluu ya wino, ambayo hakuna metali nyingine pale mezani inayoweza kuiigiza. Ni maksi za bure. Wenzangu waliishangaa. Mimi nilikuwa nimeiona tangu nikiwa na miaka sita, kwenye vipande vya shuka letu.

Jambo ambalo mtihani haulisemi ni kwamba amonia peke yake haiiyeyushi shaba iliyo bado metali. Inahitaji hewa. Oksijeni inatangulia kuinyang'anya shaba elektroni, ndipo amonia inapoizunguka, molekuli nne kwa kila chembe ya shaba, na kuondoka nayo. Ndiyo sababu ya kusubiri. Ndiyo pia sababu kwamba mtu akiujaza mtutu dawa hadi pomoni na kuziba pande zote mbili anapoteza dawa yake. Baba hakuwahi kukaa darasa la kemia. Alisema, "Dawa lazima ipumue."

Mwaka 2016, mwezi Septemba, alikuja mgeni na bunduki yake mwenyewe ya .375 na maboksi ya risasi za shaba tupu, kuanzia ncha hadi kisigino. Risasi za namna hiyo zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Marekani iitwayo Barnes, na zina sababu nzuri ya kuwepo. Metali ya risasi huvunjika vipande ndani ya mnyama, tai wanakula matumbo yaliyoachwa porini, wanakufa kwa sumu. California ilipiga marufuku risasi za metali hiyo katika uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya tai wao mkubwa, kondori. Ningekuwa na kura ningeipigia sheria hiyo mikono miwili. Lakini shaba tupu za mwanzo ziliacha shaba nyingi zaidi njiani, na ndiyo maana za siku hizi zinachongwa pete kiunoni ili kupunguza msuguano. Za mgeni hazikuwa na pete. Alikuwa amefanya nazo mazoezi kwao miezi mingi, na hapakuwa na dalili kwamba mtutu ule umewahi kuonja dawa.

Desturi ya kambi ni kuipima bunduki kabla ya kuwinda. Kwa mita 100 risasi zake zilitawanyika kama mchele uliomwagika. Mgeni akasema bunduki imeumizwa kwenye ndege. Baba, aliyesimama ubavuni mwake, aliona mambo mawili. La kwanza, alipomulika tochi mdomoni mwa mtutu mifuo ilikuwa myekundu. La pili, kila kidole kilipokaribia triga, mgeni alifumba macho yote mawili. Bunduki ile inapiga bega kwa nguvu, na bega hilo lilikuwa limeshaanza kuogopa.

Jambo la kwanza alilisema. La pili si jambo ambalo mbeba bunduki anamwambia mgeni.

Akaamriwa aisafishe. Alianza saa mbili usiku, akamaliza saa saba. Alitumia vitambaa 21, na kila kimoja alikiandika namba kwa penseli na kukipanga juu ya ubao, kama alivyofanya kwa bunduki yoyote ngumu, ili aone anakwenda au anazunguka. Sita vya kwanza vyeusi. Kuanzia cha saba bluu, kisha nyeusi, kisha bluu. Cha kumi na nne kilikolea kuliko vyote. Cha ishirini na moja kilitoka cheupe.

Asubuhi aliomba kitu kimoja: mgeni apige risasi mbili kwanza. Mtutu uliosafishwa hadi chuma tupu haupigi sawa na ulivyozoea. Risasi ya kwanza, wakati mwingine na ya pili, huenda pembeni kidogo hadi utando mwembamba wa shaba urudi mahali pake. Kwa maneno mengine, shaba nyingi inaharibu shabaha na shaba kidogo inahitajika, na mpaka kati ya hizo mbili kila mtutu una wake. Wapo wapiga shabaha hodari wanaosafisha kwa nadra sana kwa sababu hiyo. Wapo pia mafundi wanaoapa kwamba ufito umeua mitutu mingi kuliko risasi. Baba alikuwa katikati: safisha kabisa, kisha zoesha.

Mwindaji aliyeongoza msafara alikataa. Mbogo walikuwa ng'ambo ya korongo, na milio miwili ingewapeleka mbali kutwa nzima. Sababu yake ilikuwa na mantiki, sitaki kumsingizia.

Saa nne asubuhi mgeni alimpiga dume kwa umbali wa hatua sitini. Risasi iliingia tumboni. Waliufuata mfululizo wa damu hadi giza, wakaamkia tena kesho yake, hadi damu ikawa tone moja kwa kila kichuguu, kisha hakuna. Mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa ameuawa. Askari wanyamapori aliandika, mgeni akalipa. Usiku ule, pale motoni, mgeni alisema kwamba bunduki yake ilikuwa nzima mpaka yule mtu wa matambara alipoichokonoa. Baba alikuwa hatua kumi kutoka hapo, na Kiingereza alikijua kuliko walivyodhani. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Alimaliza msimu. Julai iliyofuata tulisikia lori likishuka barabarani, tukasikia likipunguza gia kwenye kona, na halikusimama. Kibarua cha msimu hakihitaji barua ya kufukuzwa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mama aliuza ekari moja ya shamba la mpunga ili nimalize, na mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima kabla hajaingia kidato cha tatu. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na uwindaji humo ukakoma. Mama hupenda kukumbusha kwamba kazi ingekwisha tu. Baba hajawahi kuitikia maneno hayo.

Nafundisha kemia sasa. Mwaka jana, likizo ya Desemba, nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo ilinisumbua muda mrefu. Mtutu msafi hupeleka risasi ya kwanza pembeni kwa kiasi cha vidole viwili hivi katika mita 100. Hatua sitini ni kama nusu ya umbali huo, kwa hiyo kosa ni kidole kimoja. Sehemu ya moyo na mapafu ya mbogo dume ni pana kama sinia la pilau. Kutoka katikati ya sinia hilo hadi tumboni ni karibu urefu wa mkono. Hakuna usafi wa mtutu unaoweza kufika huko. Bega lililoogopa linaweza, na macho yaliyofumbwa yanaweza.

Nilimpelekea Baba karatasi. Alivaa miwani, akaisoma yote, hata mistari niliyoikata.

"Kidole kimoja," alisema.

"Labda na chini yake, Baba."

"Basi hicho kimoja ni changu."

Nilibishana naye. Nilimwambia aliomba risasi mbili akanyimwa. Nilimwambia hata kama kidole hicho kingekuwa chake, mbogo yule hakujeruhiwa na kidole. Alinisikiliza kwa adabu anayowapa wageni, kisha akaingia chumbani na kutoka na kopo la maziwa ya unga.

Vilikuwa humo vyote, vimekunjwa kwa mfuatano wa namba. Alitoka navyo porini mwaka ule ili amwonyeshe mtu, na hakuwahi kusema ni nani. Mama hakujua. Bluu ilikuwa imekufa: amonia ilishapaa zamani, shaba iliyobaki imeungana na hewa na unyevu, na vitambaa vilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, ile ya sanamu za kale. Niliomba kimoja cha kufundishia. Hakujibu mara moja. Alivipanga juu ya meza, kimoja baada ya kingine, safu tatu za saba.

Mkobani nilikuwa na chupa ndogo ya amonia ya maabara. Nilidondosha tone moja kwenye cha kumi na nne. Ukijani ulisita kidogo, kisha bluu ikajitokeza katikati ya tone na kusambaa kufuata nyuzi za shuka. Mama alisogea kutazama, akalitambua shuka lake.

Baba hakukitazama kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole kwenye kona ya meza.

"Weka na kwenye cha mwisho."

Niliweka matone matatu, ili asiseme nimebania. Alivua saa yake, akailaza mezani kando ya kitambaa, na tukasubiri dakika kumi. Mdogo wangu alifungua dirisha kwa sababu ya harufu. Kitambaa kililowa na kubaki cheupe.

Aliongeza dakika tano. Kisha akakianika kwenye kamba ya nguo, na kilipokauka alikirudisha katika kopo na kubana kifuniko. Kile cha kumi na nne aliniachia.